Mlango wa Ziwa Uko Wazi: Nani Aulinde?

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakulima katika mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Twaichapa kama ilivyosomwa, kwa kuwa wengi walioisikia waliomba kuisoma tena kwa utulivu.)



Twawashukuru kwa kuacha kazi zenu mkaja kutusikiliza. Twajua dagaa wako chanjani na jua halimngoji mtu. Kwa hiyo hatutawachelewesha kwa maneno mengi ya kupamba. Tumekuja na jambo moja tu, nalo ni hili: ziwa letu lina sheria nyingi juu ya kile kinachotoka ndani yake, lakini lina ulinzi mdogo mno juu ya kile kinachoingia. Mvuvi hupimwa tundu la wavu wake, hupimwa urefu wa sangara wake, huulizwa leseni yake na leseni ya mtumbwi wake. Magugu yaliyokuja kuziba mialo yetu hayakupimwa na mtu wala hayakuulizwa cheti. Yaliingia kama mwenye nyumba.

Sisi tulioandika maneno haya tuliwahi kusimama katika mwalo mmoja siku nyavu zilipochomwa moto. Zilikuwa nyavu za timba na kokoro mbili tatu, na sheria yazikataza. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Wenye nyavu walisimama pembeni, mikono nyuma, wakitazama moshi. Lakini hatua kama mia moja kutoka penye moto ule, gugu maji lilikuwa limeshika ufuko mzima, na mitumbwi minne ilikuwa imekwama ndani yake tangu asubuhi. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi alionyesha gugu kwa kidole, akauliza, "Na hili, nani atalichoma?" Hakuna aliyemjibu. Swali lile ndilo lililotuleta hapa leo.

MASHAURI MAWILI, SHERIA MOJA

Ndugu zetu, si jambo jipya kwa ziwa hili kuwa na mashauri mema yasiyofuatwa. Kabla ya wakoloni, babu zetu walivua kwa migono, ndoana na nyavu za mafunjo, na samaki walitosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaletwa nyavu za nyuzi kutoka Ulaya, na watu wakavua kuliko walivyopata kuvua. Muda si mrefu ngege walianza kupungua katika ghuba zilizovuliwa sana. Ndipo Waingereza wakamleta mtaalamu wao, Michael Graham, akalipima ziwa katika mwaka 1927 na 1928.

Bwana huyo alitoa mashauri mawili yatupasayo kuyakumbuka. La kwanza, tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5, ili samaki wadogo wapite. La pili, asiletwe ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine bila uchunguzi mrefu, maana hatari yake ni kubwa.

Sasa tazameni yaliyotokea. Shauri la kwanza, lililomfunga mvuvi Mwafrika, lilifanywa sheria katika miaka ya 1930, na watu wakakamatwa kwa sheria hiyo. Shauri la pili, ambalo lingewafunga mabwana wakubwa wenyewe, liliachwa ndani ya kitabu. Katika miaka ya 1950 sangara alianza kutiwa ziwani upande wa Uganda. Mwaka 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, aliandika kuonya kwamba jambo hilo lisifanyike. Alipokuwa akiandika, samaki mwenyewe alikwisha kuonekana majini. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine, safari hii hadharani, huko Entebbe na Kisumu.

Hatuleti habari hizi ili tumtukane sangara. Sangara amewasomesha watoto wetu. Amejenga viwanda Mwanza, Musoma na Bukoba, na ameiletea nchi fedha za kigeni. Mtu akisema leo tumrudishe alikotoka, tutamwona amerukwa na akili. Lakini haki yataka hesabu isomwe pande zote mbili. Kabla yake ziwa lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, ambazo nyingi hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Sangara alipojaa katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka. Wataalamu wanakadiria kuwa zilizopotea zafikia 200 hivi. Na mama zetu waliokuwa wakinunua samaki mwaloni wakamkaanga na kumuuza walijikuta wakiukosa mnofu, kwa kuwa mnofu ulikwenda kiwandani na kutoka huko ukapanda ndege. Wao waliachiwa mapanki.

Basi faida ilikuja, na hasara ilikuja. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kabla. Watu wa ziwa hawakuulizwa. Hata wataalamu walioulizwa hawakusikilizwa. Hilo ndilo kosa la kwanza tunalotaka mlishike.

UA ZURI LILILOLETWA KWA MAPAMBO

Kosa la pili ni la mmea. Gugu maji ni mwenyeji wa bonde la mto Amazon, huko Amerika ya Kusini. Lina ua la zambarau lenye kupendeza, nalo ndilo lililotuponza. Watu walilichukua kwa sababu ya ua lake, wakalipanda katika vidimbwi vya bustani, katika hoteli, katika nyumba za wakubwa. Kutoka kidimbwini likaingia mtaroni, kutoka mtaroni likaingia mtoni. Katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha kuushika mto Kongo, na mwaka 1958 lilionekana katika Nile Nyeupe, nchini Sudan. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba hatukuwa na habari. Dalili zilikuwapo miaka 30 kabla halijatufikia sisi.

Katika ziwa letu lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Njia yake kubwa ni mto Kagera, ambao hukusanya maji ya Burundi na Rwanda, ukapita mpakani mwetu, ukamwaga ziwani. Hata leo, mvua zikinyesha huko juu, mto hubeba mafungu ya gugu usiku na mchana. Tunaweza kusafisha mwalo huu leo kwa mikono yetu wenyewe, na kesho kutwa Kagera ikatuletea jingine.

Wengine huuliza, mmea tu, wawezaje kushinda ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000? Tufanye hesabu kidogo. Penye joto, nafasi na mbolea ya kutosha, gugu maji huweza kuwa mara mbili kwa muda wa wiki mbili au hata chini ya hapo. Chukueni shina moja tu. Baada ya wiki 2 yatakuwa mawili, baada ya wiki 4 yatakuwa manne. Baada ya wiki 20 yatakuwa 1,024. Mpaka hapo kijana mmoja na mtumbwi wake aweza kuyatoa yote kwa siku chache. Lakini mkiyaacha kwa wiki 20 nyingine, yatapita milioni moja. Juu ya hayo, mbegu zake hulala katika tope kwa miaka mingi, zikingoja. Ndiyo maana wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ukuta tuliujenga kweli. Mnamo mwaka 1998 gugu lilifunika maelfu kwa maelfu ya hekta. Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, ilifungwa. Meli zilishindwa kutia nanga Kisumu. Uganda, bandari ya Port Bell ilizibwa, na mitambo ya umeme ya Jinja ilihangaishwa na magugu yaliyokuja na maji. Huku kwetu, nyie mliokuwa watu wazima wakati huo mwajua zaidi yetu. Mtumbwi uliokuwa ukifika kwa saa moja ulichukua nusu siku. Nyavu zilibebwa na gugu zikapotea. Chini ya gugu hewa ya majini huwa haba, na sato hukosa mahali pa kutagia. Konokono wa kichocho na mbu hupata makao. Kweli, walikuwapo walioona kamongo na mumi wakiongezeka chini ya magugu, kwa maana samaki hao huvumilia maji mabaya. Lakini nani atakubali kupoteza shamba zima kwa ajili ya ndizi mbili zilizoota kando?

MDUDU ALIYEPIMWA KABLA YA KULETWA

Hapa yatubidi tuseme jambo ambalo huenda likawashangaza wengine. Gugu lile halikushindwa kwa mapanga peke yake, wala kwa mashine peke yake. Lilipunguzwa sana na mdudu mdogo, fukusi wa aina mbili, ambaye naye asili yake ni Amerika ya Kusini, huko huko lilikotoka gugu. Uganda ilianza kumwachia mwaka 1995, na Kenya na Tanzania zikafuata muda mfupi baadaye. Fukusi hao walizalishwa kwa maelfu katika matangi na mabeseni, na katika mialo mingi wananchi wenyewe walisaidia kuwatunza na kuwapeleka majini. Mdudu hula jani, na mtoto wake hutoboa shina. Gugu hudhoofika, huingia maji, huzama. Mvua kubwa na mawimbi ya mwaka 1997 na 1998 vilisaidia pia. Ilipofika mwaka 2001 hivi, sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imekwisha.

Sasa mtu atatuuliza: ninyi mwalalamika juu ya vitu vya kuletwa, mbona mwamsifu mdudu wa kuletwa? Jibu letu ni hili. Ugeni si kosa. Mahindi ni mgeni, muhogo ni mgeni, na bila ya hivyo tungekula nini? Kosa ni kuleta bila kupima na bila kuuliza. Fukusi yule aliwekwa karantini kwanza. Aliwekewa mimea ya aina nyingi, pamoja na ile tunayokula, ionekane kama ataila. Ilipohakikishwa kwamba maisha yake yote yategemea gugu maji, ndipo akaruhusiwa. Sangara alitiwa ziwani kwa ubishi, huku waonyaji wakipuuzwa. Gugu lililetwa kwa ajili ya ua. Fukusi aliletwa kwa cheti. Tazameni matunda ya kila njia, kisha mwamue wenyewe ipi ni njia ya Serikali yenye busara.

GUGU LA PILI LIMEKWISHA KUBISHA HODI

Ndugu wananchi, kama mambo haya yangekuwa ya kale tu, tungewaachia walimu wayafundishe shuleni. Lakini mwajua kwamba miaka hii limeonekana gugu jingine. Si lile la ua la zambarau. Hili ni dogo, majani yake yana vinyweleo kama kitambaa, halina ua, nalo hulala juu ya maji kama mkeka. Wataalamu huliita salvinia, na wengi hulijua kama gugu la Kariba. Asili yake ni Brazil. Mwanzoni mwa mwaka 2025 lilitanda katika maji ya Kigongo na Busisi, vivuko vikapata taabu ya kupita, na abiria wakakaa majini wakingoja. Daraja lile kubwa la kilomita 3 lilifunguliwa mwezi Juni mwaka huo huo, na sasa mtu huvuka kwa gari. Lakini mvuvi havui samaki juu ya daraja. Gugu likibaki chini, daraja halimsaidii.

Nalo pia lina historia, na historia hiyo iliandikwa mbele ya macho ya Afrika. Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1950, gugu hili lilifunika sehemu kubwa ya maji mapya katika miaka michache tu. Ziwa Naivasha, nchini Kenya, lilivamiwa katika miaka ya 1960. Hili nalo watu hulichukua kwa kupamba vidimbwi na vyungu vya samaki wa mapambo. Na dawa yake yajulikana: yuko fukusi wake mwingine, ambaye tangu miaka ya 1980 amelipunguza katika nchi nyingi. Kwa hiyo hatuna udhuru. Adui anajulikana, njia yake yajulikana, dawa yake yajulikana.

Tulipita katika mji mmoja, ambao hatutautaja, tukaingia nyumba ya wageni kunywa chai. Uani palikuwa na beseni kubwa la saruji, na ndani yake gugu maji likielea, ua lake limechanua. Tulimwuliza mwenyeji wetu kwa adabu amelitoa wapi. Alisema amenunua kwa kijana anayepita na baiskeli akiuza maua. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua kamwe kwamba mbele ya mlango wake ameweka kitu kilekile ambacho fedha nyingi hutumika kukitoa ziwani. Nje ya ua ule palikuwa na mtaro, na mtaro ule ulielekea mtoni.

ULAYA INA MLANGO, SISI JE?

Wakulima mlio hapa msidhani jambo hili ni la wavuvi tu. Mwamjua dumuzi. Mdudu huyo asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alionekana kwanza Tabora, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Alikuja ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka nje. Wapo wakulima waliompa jina la malori yaliyobeba magunia yale, maana mkulima hujua kuunganisha mambo hata asipopewa taarifa. Toka Tabora dumuzi amesambaa katika nchi nyingine za Afrika. Kila mama anayenunua dawa ya kuhifadhi mahindi leo analipa kodi ya mlango ulioachwa wazi siku ile.

Sasa tutazame wenzetu. Kati ya mwaka 1997 na 1999, zaidi ya mara moja, nchi za Ulaya zilizuia samaki wa ziwa hili wasiingie kwao. Kwanza walihofia vijidudu vya maradhi, kisha wakahofia sumu, kwa kuwa walikuwapo watu waovu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vilisimama, bei ya sangara mwaloni ikaanguka, na mvuvi ambaye hakupata kushika sumu maishani alilala na njaa pamoja na mwenye kosa. Tuliumia. Lakini tukiwa watu wazima yatupasa kukiri kwamba walikuwa na haki ya kuulinda mlango wao. Tuliambiwa tujenge maabara, tukajenga. Tuliambiwa tusafishe mialo, tukasafisha. Leo ua likitoka Arusha kwenda Ulaya hukaguliwa jani kwa jani, na akionekana mdudu aliyekatazwa, mzigo huweza kurudishwa au kuchomwa.

Ndipo twauliza: ikiwa mnunuzi wa Ulaya anastahili ulinzi wa namna hiyo, kwa nini mvuvi wa Ukerewe asistahili? Heshima ya nchi huru haikai katika bendera peke yake. Nchi huru ni ile inayojua nini kinaingia kwake, kimeletwa na nani, na kwa kibali cha nani.

TUNALOLITAKA KWA SERIKALI

Hatusemi kwamba Serikali imelala. Ipo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ipo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mamlaka hiyo inao wakaguzi bandarini, viwanjani vya ndege na mipakani. Upo pia mkataba uliotiwa sahihi Kisumu mwaka 1994, ambao kwao Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda shirika moja la uvuvi wa ziwa hili. Kwa hiyo maandishi tunayo. Tunayodai ni mambo manne, nayo ni ya kutimiza maandishi hayo.

Kwanza, wakubwa wa uvuvi na wakubwa wa mimea wakae meza moja. Leo gugu likiwa mpakani ni la ofisi ya mimea. Likifika majini huwa la ofisi ya mazingira. Likikamata wavu huwa la ofisi ya uvuvi. Likizuia kivuko huwa la ofisi nyingine tena. Mwananchi akitoa taarifa hutumwa huku na huku mpaka gugu limekuwa milioni. Itajwe ofisi moja katika kila wilaya ya ziwa, yenye mtu, mtumbwi na mafuta, ambayo kazi yake ni kupokea taarifa na kufika ndani ya siku chache.

Pili, biashara ya mimea ya majini na samaki wa mapambo ikaguliwe ndani ya nchi pia. Mpaka wetu ni mrefu, na kijana wa baiskeli hapiti bandarini. Masoko ya maua ya mjini yatembelewe, wauzaji wafundishwe, na aliyekwisha kufundishwa akarudia, ndipo apelekwe mbele ya sheria.

Tatu, kazi ianzie juu ya mto. Tukitoa gugu ziwani na kuliacha Kagera ni kuchota maji kwa pakacha. Burundi, Rwanda, Uganda na sisi tunywao maji yale yale tukubaliane juu ya kuzuia na kutoa gugu mtoni, na juu ya kuzalisha fukusi daima, hata katika miaka ambayo gugu limepungua. Jambo baya lililotokea baada ya mwaka 2001 ni kwamba mafanikio yalitulaza usingizi, na gugu likarudi mara kwa mara. Na maji machafu ya miji yetu pamoja na mbolea inayosombwa kutoka mashambani ndiyo chakula cha gugu. Miji isiposafisha maji yake, tutakuwa tunamfukuza mgeni huku tunampikia.

Nne, vikundi vya ulinzi wa mialo, vile viitwavyo BMU, vipewe elimu na heshima ya kazi hii. Leo mwanakikundi hufundishwa kumtambua sangara aliye chini ya sentimita 50. Vema. Afundishwe pia kulitambua gugu geni likiwa shina moja. Hakuna afisa wa mjini anayeyajua maji haya kama mtu anayeyaamkia saa kumi usiku. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, Serikali ilionyesha kwamba ikitaka kufika katika kila mwalo inaweza kufika. Basi nguvu iliyokuja kutafuta nyavu haramu na ije tena kutafuta magugu, na safari hii ije ikiwa na mvuvi upande wake.

TUNALOJITAKA SISI WENYEWE

Lakini, ndugu zetu, tungekuwa wanafiki kama tungemaliza hapa. Ni rahisi kuidai Serikali. Ni vigumu kujidai wenyewe. Mitumbwi yetu yahama mwalo kwa mwalo, na nyavu zetu huchukua mabaki ya gugu la Kariba bila sisi kujali. Kipande kimoja cha shina kikitosha kuanzisha gugu jipya, basi sisi nasi tumo katika walioleta. Tangu leo tukubaliane: kabla mtumbwi haujaondoka kwenda mwalo mwingine, wavu ukung'utwe na kuanikwa, mtumbwi usafishwe, na gugu litolewe mbali na maji, likauke juani au lichomwe. Lisitupwe tena majini ati kwa kuwa mwalo ule si wetu. Ziwa hili halina mwalo wa watu wengine.

Mama zetu mnaopenda maua, pandeni asumini, pandeni mkilua, pandeni lo lote la nchi kavu mlijualo. Ua la kidimbwi msilolijua jina lake wala litokako, liacheni. Vijana mnaovuka mipaka na mizigo, msibebe mche, mbegu wala samaki hai bila kibali. Na kokoro, ndugu zetu, na timba na sumu, tuziache kwa hiari yetu. Hatuwezi kuidai Serikali ilinde mlango wa mbele, nasi tunabomoa ukuta wa nyuma.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule fukusi tulimpa jembe, naye akalima. Gugu maji limekaa nasi zaidi ya miaka 30, halijashika jembe, nalo limezaa na kulea nyumbani mwetu. La pili limekwisha kufika. La tatu, ambalo jina lake hatujalijua, huenda wakati huu linaelea katika beseni la mtu, na ua lake linapendeza.

Mzee wa mwaloni aliuliza nani atalichoma gugu. Nasi leo twamjibu: Serikali na sisi, pamoja, tena likiwa bado shina moja. Tukingoja mpaka liwe ukuta, hapatakuwa na moto wa kulitosha.

Kabla ya kutawanyika, twaomba kila mwalo uliowakilishwa hapa uchague watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, waandike majina yao kwa Mwenyekiti. Kazi yao itakuwa kuzunguka ufuko wao kila wiki na kuandika walichokiona. Daftari hilo tutalipeleka wilayani sisi wenyewe kila mwezi, nasi tutadai jibu la maandishi.